Ziara ya Darasa Letu katika Msitu wa Jozani

Kijiji chetu kiko kusini mwa kisiwa cha Unguja. Msitu wa Jozani hauko mbali nasi. Wengi wetu tumepita kando ya msitu huo mara nyingi. Tumepita tukiwa ndani ya gari, tukienda mjini kuuza muhogo, au kwenda hospitali, au kwenda arusini. Lakini kuingia ndani ya msitu, hapana. Watu husema, "Ule ni msitu wa wageni."

Jioni moja, katika darasa la kisomo, tulisoma ukurasa juu ya wanyama wa Unguja. Ukurasa ulimtaja kima punju. Mzee mmoja akafunga kitabu chake.

"Huyu ni mwizi," alisema. "Anakula nazi zangu zikiwa changa. Kitabu kinamsifu yeye, na mimi ndiye ninayemlisha."

Mzee huyu ana mashamba mawili ya minazi. Moja liko pwani. Jingine liko upande wa maweni, karibu na vichaka, na huko kima punju huingia karibu kila siku. Darasani tulimwita Mzee wa Minazi. Mwenyewe hakukasirika.

Mwalimu hakubishana naye. Alisema, "Basi twende Jozani tukaulize."

KUPANGA SAFARI

Wiki ile zoezi letu la kuandika lilikuwa barua. Tuliandika kwa wakuu wa hifadhi. Tuliwaambia sisi ni nani, tuko wangapi, na tunataka kuja siku gani. Tuliuliza kiingilio ni kiasi gani. Barua ilichanwa mara tatu kabla haijanyooka. Jibu lilipokuja, tulilisoma kwa sauti, kila mtu mstari mmoja. Wenyeji hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa kutoka nje. Wengi wetu hatukujua hivyo.

Kila mmoja alitoa mchango. Mweka hazina alikuwa mama mmoja anayeuza makaa. Tulimchagua kwa sababu alijua kuhesabu fedha miaka mingi kabla ya kujua kuziandika.

Mwalimu alitwambia tuvae viatu vya kufunika miguu, maana msituni kuna mizizi, tope na siafu. Alitwambia tuvae nguo za mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Tulibeba maji ya kunywa. Tulibeba pia muhogo wa kuchemsha, mikate ya kumimina, na chai ya sturungi katika birika kubwa. Chakula hicho tulikubaliana kukiacha garini mpaka tutoke msituni. Sababu yake tuliijua baadaye.

Tuliondoka asubuhi mapema. Asubuhi na jioni ndizo saa nzuri za kuona wanyama. Jua likiwa kali, wanyama wengi hupumzika kivulini, na mtu mwenye akili hufanya kama wao.

MLANGONI

Msitu wa Jozani uko kiasi cha kilometa 35 kutoka mjini Unguja, kando ya barabara iendayo pwani ya mashariki. Mwaka 2004 msitu huo, pamoja na sehemu ya Ghuba ya Chwaka, ulifanywa kuwa hifadhi ya taifa. Eneo lake ni kiasi cha kilometa za mraba 50. Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya maeneo ya dunia ambamo watu na viumbe wengine hutunzwa pamoja.

Mama muuza makaa alilipa fedha. Alipewa risiti. Hakuikunja na kuitia katika kanga kama alivyokuwa akifanya zamani. Alisimama pale pale, akaisoma kwa kidole: tarehe, idadi ya watu, jumla. Watu waliokuwa nyuma yake walingoja. Alipomaliza alisema, "Sawa."

Tulipewa mwongozaji, kijana wa kijiji cha jirani. Kwanza alitwambia masharti. Tusitoke njiani. Tusipige kelele. Tusiwasogelee kima, hata wakija karibu. Tusiwape chakula, hata ganda la ndizi. Mwenye mafua akae mbali nao zaidi.

"Kwa nini mafua?" aliuliza mmoja wetu.

"Kwa sababu mwili wa kima unafanana na wetu," alijibu kijana. "Baadhi ya maradhi yetu wao huyapata. Sisi tuna zahanati. Wao hawana."

CHINI YA MITI MIKUBWA

Ndani ya msitu hali ya hewa ilibadilika mara moja. Kulikuwa na ubaridi. Kulikuwa na harufu ya majani yaliyooza. Mwangaza ulipungua kama jioni, na sauti ya magari ilipotea.

Tuliona mitondoo mirefu. Mtondoo wengi wetu tunaujua kwa ajili ya mbao zake na mafuta ya kokwa zake. Tuliona michikichi, mikadi, na majani ya namna nyingi yanayopenda maji. Mwongozaji alichimba kidogo kwa kijiti. Udongo ulikuwa mweusi na umelowa.

"Msitu huu unaishi kwa maji ya chini," alisema. "Maji hayako mbali na uso wa ardhi. Wakati wa masika mahali hapa hufurika. Kwa hiyo miti haina haja ya kupeleka mizizi mbali chini. Huitandaza juu juu. Upepo mkubwa ukija, mti mkubwa huanguka."

Alituonyesha mti mmoja ulioanguka. Mizizi yake ilisimama kama ukuta, imepana kuliko nyumba, lakini ilikuwa mifupi. Pale ulipoanguka pamefunguka, jua limeingia, na miche mingi midogo imeota. Mwongozaji alisema mti huo hauondolewi. Wadudu, uyoga na maji wataugeuza kuwa udongo.

Mama mmoja alisikitika. "Kuni zote zile!"

Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Kwake kuni ni safari ya nusu siku. Aliuliza kama watu wa jirani wanaruhusiwa kuokota. Mwongozaji alisema kuwa ndani ya hifadhi mtu hakati wala haokoti kwa hiari yake. Vijiji vimehimizwa kupanda mivinje, kwa sababu mvinje hukua haraka na hufaa kwa kuni na kwa boriti.

"Mvinje unangojwa miaka," alisema mama. "Chungu kinangojwa leo."

Kijana hakuwa na jibu. Alikubali kuwa maneno hayo ni kweli.

Tulisikia ndege wengi na kuwaona wachache. Wanyama wengine hatukuwaona kabisa. Paa nunga, kwa mfano, yumo katika misitu ya Unguja, lakini ni mwoga sana na wamebaki wachache. Nje ya Zanzibar anapatikana tu katika misitu ya pwani ya Kenya. Komba na pelele hutembea usiku. Mzee mmoja aliuliza habari za chui wa Unguja. Mwongozaji alisema wataalamu wengi wanaamini chui huyo ametoweka. Wazee wawili walitazamana wakanyamaza. Mambo ya chui, kwetu, hayazungumzwi msituni.

KIMA PUNJU MWENYEWE

Kima punju hatukuwakuta katika miti mikubwa. Tuliwakuta ng'ambo ya barabara, kwenye miti mifupi iliyo karibu na mashamba. Huko ndiko wanakopenda zaidi, maana majani machanga ni mengi.

Walikuwa kundi la zaidi ya 30. Wengine walikuwa juu ya matawi, wengine chini. Mgongo wao ni mwekundu kama kutu. Uso ni mweusi, na nywele nyeupe zimeuzunguka. Midomo na pua zina rangi ya waridi. Mkia ni mrefu, lakini hawaushikii matawi. Unawasaidia wasianguke wanaporuka.

Mwongozaji alisema, "Tazameni mikono."

Tulitazama. Kima alishika tawi kwa vidole vinne. Kidole gumba hakipo, au kipo kidogo mno hata hakionekani. Tukajaribu wenyewe kushika vijiti bila ya kutumia kidole gumba. Inawezekana, lakini kalamu ingetushinda.

Kima punju huyu ni wa Zanzibar tu. Hayupo Tanganyika wala nchi nyingine yoyote. Wataalamu wa nje walimwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vyao mwaka 1868. Mwaka 1974 wachache walichukuliwa wakapelekwa msitu wa Ngezi, Pemba. Wengine wote wako Unguja na visiwa vidogo vya karibu, kama Uzi. Hesabu kubwa iliyotangazwa mwaka 2017 ilionyesha kuwa wako karibu 5,900. Hebu fikiri: huo ni umati wa watu katika sala ya Idi, basi. Dunia nzima hakuna zaidi ya hao.

Jike huzaa mtoto mmoja tu. Hupita miaka miwili au zaidi kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo wakipungua, hawajazi pengo upesi kama panya au kuku.

Jina la "punju" nalo lina habari yake. Punju ni sumu. Watu wa zamani walisema kuwa mnyama huyu ana sumu, kwamba mti anaokula hufa, na kwamba mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Kwa sababu hiyo wengi hawakumwinda kwa ajili ya nyama. Jina baya lilimlinda.

Mwongozaji alieleza habari ya tumbo. Tumbo la mtu lina chumba kimoja. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Tumbo la kima punju nalo limegawanyika vyumba. Ndani yake wamo vijidudu wengi wanaochachusha majani mpaka yakawa chakula. Ndiyo maana anaweza kuishi kwa majani, maua, na matunda mabichi. Matunda matamu yaliyoiva hayamfai. Yakichacha tumboni humdhuru.

"Sasa mmejua kwa nini tunakataza ndizi na mikate," alisema. "Mgeni anadhani anafanya hisani. Anamtia maradhi."

Yuko kima mwingine Unguja, mwenye manyoya ya kijivu na meusi. Huyo hupenda sana matunda yaliyoiva, na huingia mashambani. Mkulima akikuta ndizi zimeliwa, mara nyingine hulaumu kima wote pamoja.

KIMA ANAYEKULA MAKAA

Hapo mama muuza makaa akauliza swali ambalo alikuwa nalo tangu nyumbani. "Mimi huweka makaa yangu nje yapoe. Nimewaona kima hawa wakichukua vipande wakikimbia navyo. Wanavipeleka wapi?"

"Wanakula, mama."

Watu waliangua kicheko. Lakini kijana hakuwa akitania. Kima punju wanaoishi karibu na vijiji hula majani ya miembe na mikungu. Majani hayo yana chakula kizuri cha kujenga mwili. Lakini pia yana vitu vinavyodhuru tumbo. Makaa huvishika vitu vile vinavyodhuru, visiingie mwilini. Halafu vyote hutoka pamoja. Wataalamu walichunguza jambo hili Jozani, na taarifa yao ilitolewa mwaka 1997. Kima huokota makaa kwenye matanuri ya zamani, kwenye visiki vilivyoungua, na hata jikoni kwa watu. Watoto wao hujifunza kwa kuwatazama mama zao.

Bibi mmoja mtu mzima alisema, "Mnacheka nini? Sisi tukiwa na mimba hatuli udongo?"

Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Mama muuza makaa aliwatazama kima wale kwa muda mrefu. Kisha alisema, "Kumbe ni wateja wangu. Ila hawalipi."

UGOMVI WA NAZI

Mzee wa Minazi alikuwa kimya tangu mlangoni. Sasa alisema.

"Mwanangu, umesema vizuri habari za tumbo na vidole. Mimi nimekuja kwa jambo moja. Kima hawa wanapanda minazi yangu wanakula vidaka. Kidaka ndicho kitale cha kesho. Kitale ndicho dafu. Dafu ndilo koroma, na koroma ndilo nazi. Aliyekula kidaka amekula nazi. Au siyo?"

"Mzee wangu, nikuulize nami," alisema mwongozaji. "Upunga ukishatoa vidaka, vyote huwa nazi?"

"Vyote? Havijawi vyote. Vingine huanguka."

"Vingapi?"

Mzee alifikiri. "Vingi. Mnazi hupukutisha."

Ndipo kijana akaeleza. Katika miaka ya tisini wataalamu walikaa katika mashamba ya karibu na msitu huu. Walihesabu vidaka vilivyoliwa na kima punju. Walihesabu pia nazi zilizovunwa katika mashamba hayo. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1999. Hawakuona kuwa kuliwa kwa vidaka kumepunguza mavuno ya nazi. Mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea. Kima akila baadhi, huenda akala vile ambavyo vingeanguka vyenyewe, na vilivyobaki vikapata chakula zaidi.

"Kama kupunguza miche ya mchicha katika tuta," alisema mama mmoja.

"Ndiyo, mama. Kama hivyo."

Mzee wa Minazi hakuridhika. "Hao wataalamu wana minazi?"

"Hawana."

"Basi. Mtu asiyekuwa na mnazi anahesabu kwa kalamu. Mimi ninakiona kidaka kimeng'atwa kiko chini. Ninakiona kwa macho yangu."

"Na vile vilivyoanguka bila ya kung'atwa, unaviona?"

Mzee alinyamaza kidogo. "Hivyo sivitazami," alisema.

Kijana hakumcheka. Alisema kweli kwamba nazi siyo habari yote. Kima punju hula pia majani na machipukizi ya mimea mingine ya mkulima. Shamba linaloliwa kila siku ni shamba linaloliwa. Kwa sababu hiyo sehemu ya fedha za viingilio hurudishwa kwa watu. Nyingine huenda kwa wakulima ambao kima hula katika mashamba yao karibu na hifadhi. Nyingine hutumika kwa kazi za vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Wageni wanaokuja kumtazama kima huwa kweli wanamtazama katika shamba la mtu.

"Na shamba langu mimi?" aliuliza Mzee wa Minazi.

"Hilo mimi siwezi kulijibu, mzee. Mimi ni mwongozaji. Lipeleke kwa sheha, kwa maandishi. Sema shamba liko wapi, lina minazi mingapi, na unapoteza nini. Wakikuuliza umejuaje, uwe na hesabu."

Mzee alimgeukia mwalimu. "Hesabu," alisema. Mwalimu alitabasamu akatazama pembeni.

BARABARANI

Tulivuka barabara tena. Kijana alitusimamisha mbele ya tuta la kupunguza mwendo. Barabara hii inapita mahali kima wanapovuka. Ilipotiwa lami katika miaka ya tisini, magari yalianza kwenda kwa kasi. Kima mmoja aligongwa akafa kila baada ya wiki mbili au tatu. Watu wa hifadhi wakaomba matuta, yakajengwa. Baada ya hapo vifo viliripotiwa mara moja katika wiki sita. Havikwisha, lakini vilipungua.

Dereva wetu alikuwa anasikiliza. Yeye siku zote huyalaumu matuta yale kwa kuvunja springi za gari lake. Hakusema kitu. Lakini wakati wa kurudi aliyapita polepole sana, hata watu wa nyuma wakamtania.

KWENYE MIKOKO YA PETE

Karibu na hapo, upande wa Pete, kuna daraja jembamba la mbao linaloingia ndani ya mikoko. Mtu hutembea juu ya tope bila ya kulowa. Tulifika maji yakiwa yamekupwa. Wavuvi wa darasani walifurahi. Mahali hapa wao ndio waliokuwa waalimu.

Walituonyesha mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui. Walituonyesha mchu, ambao mizizi yake hutokeza juu ya tope kama penseli elfu. Mizizi ile huvuta pumzi, maana ndani ya tope hewa ni kidogo. Walituonyesha mkandaa, ambao maganda yake wazee walitilia rangi. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti. Huwa ndefu na nzito kama mkuki mdogo. Ikianguka, huchoma tope na kusimama.

Ndani ya mizizi kulikuwa na kaa wengi, na samaki wadogo katika vidimbwi. Mvuvi mmoja alisema, "Hapa ndipo shule ya chekechea ya samaki. Wanakaa hapa mpaka wawe wakubwa, ndipo waende nje." Alisema ukweli. Kamba na samaki wengi hukulia katika mikoko, kwa sababu samaki wakubwa hawawezi kupenya kuwafuata.

Kisha akasema jambo jingine bila ya kuulizwa. Alipokuwa kijana alikata mikoko kwa boriti, na aliuza mizigo mingi kwa wachomaji wa chokaa. "Sikujua kuwa nauza na samaki," alisema. "Hakuna aliyetwambia. Na wakati ule hata wangetwambia, tulikuwa na njaa."

Tulikula chakula chetu saa saba mchana, kivulini, mbali na kima. Muhogo ulikuwa umepoa, lakini ulikwisha wote.

BAADA YA SAFARI

Wiki iliyofuata Mzee wa Minazi hakuja darasani siku mbili. Tulidhani anaumwa. Siku ya tatu alikuja na daftari lake na kikapu cha ukili. Alikimimina kikapu juu ya meza ya mwalimu. Vilikuwa vidaka.

"Hivi nimeviokota shamba la pwani," alisema. "Kima hawafiki huko. Hata kimoja hakikung'atwa."

Alichagua minazi 10 katika shamba la pwani. Alichagua minazi 10 katika shamba la maweni. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, huokota vidaka chini ya minazi hiyo na kuvihesabu. Kwenye daftari amepiga mistari minne, mmoja umepinda. Safu ya kwanza ni tarehe. Ya pili ni vidaka vya pwani. Ya tatu ni vidaka vya maweni visivyong'atwa. Ya nne ni vilivyong'atwa. Wiki ya kwanza pwani aliandika 31. Wiki ya pili aliandika 27.

Mwalimu alimwuliza, "Sasa mzee, unasemaje? Kima ni mwizi au siyo?"

"Sijasema," alijibu. "Wiki mbili siyo hesabu. Nataka nione kiangazi, nione na masika, nizihesabu na nazi zenyewe siku ya kuangua. Halafu nitamwandikia sheha."

Kisha alimwomba mwalimu amfundishe kunyoosha mistari kwa rula.

MANENO YA KUJIFUNZA

Hifadhi: mahali panapotunzwa kwa sheria, miti na wanyama wasiharibiwe.
Kidaka: tunda changa kabisa la mnazi.
Kupukutisha: kuangusha majani au matunda.
Kuchachusha: kufanya kitu kichache, kama unga wa mkate wa kumimina.
Maweni: ardhi yenye mawe ya matumbawe na udongo kidogo.
Boriti: mti mnyoofu wa kujengea, hasa wa mkoko.

MASWALI

1. Kwa nini miti ya Jozani huangushwa na upepo kwa urahisi?
2. Kwa nini si vizuri kumpa kima punju ndizi mbivu?
3. Makaa humsaidia nini kima punju?
4. Mama mmoja alisema, "Mvinje unangojwa miaka. Chungu kinangojwa leo." Zungumzeni darasani: kijijini kwenu kuni zinatoka wapi?
5. Kwa nini Mzee wa Minazi anahesabu vidaka vya shamba la pwani, ambako kima hawafiki?

HESABU

1. Mwaka una wiki 52. Kama kima mmoja hugongwa kila baada ya wiki 2, ni wangapi hugongwa kwa mwaka? Ikiwa ni mmoja kila baada ya wiki 6, ni kiasi gani?
2. Mzee aliokota vidaka 31 wiki ya kwanza, na 27 wiki ya pili. Jumla ni ngapi? Kwa minazi 10, kila mnazi uliangusha kiasi gani katika wiki hizo mbili?

KUANDIKA

Andika barua fupi kwa sheha. Mweleze mnyama au mdudu anayeharibu shamba lako. Taja shamba liko wapi, ni zao gani, na umehesabu nini.